Galoni lilisema elfu kumi, injini ikakataa!

Najua katika safu hii umezoea kuniona nikipiga soga za kicheni pati, michango ya harusi na mashoga wanaoazimana vitenge bila kurudishiana. Leo naomba uniwie radhi, nazungumzia oili ya gari. Jamani, usifunue ukurasa mwingine kwanza! Hata kama gari huna, unaye shemeji mwenye gari. Na hata kama shemeji huna, siku moja utapanda mchomoko pale stendi ya Bweri, Musoma, na safari yako yote itategemea oili ambayo hujui ilimwagwa lini.

Kwa wasiojua lugha ya gereji, "kumwaga oili" si kuimwaga tu kama maji ya kuoshea vyombo. Ni kutoa ile ya zamani kwenye injini na kuweka mpya. Na swali ambalo kila mwenye gari anamuuliza mwenzake ni hili: oili ya sinthetiki, ile ya bei mbaya, inamwagwa kila baada ya kilometa ngapi?

Zamani nilikuwa nalijibu bila hata kumeza mate. Elfu kumi! Siku hizi nikiulizwa natulia kwanza, maana jibu hilo lilitugharimu zaidi ya milioni 2. Na kabla ya pesa, lilimgharimu heshima yake mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Kisa chenyewe ndicho hiki.

KIINUA MGONGO CHA MAMA

Mama yangu alishika chaki zaidi ya miaka 30. Alipostaafu na kupata kiinua mgongo chake, washauri wakaja kama siafu. Huyu anasema fuga kuku, yule anasema nunua mtumbwi wa dagaa, mwingine anasema fungua duka la nafaka Bunda. Mama akawasikiliza wote, akawapa chai, kisha akaenda kununua Probox ya mtumba iende kubeba abiria kati ya Musoma na Bunda.

"Wewe ndiye utakayesimamia," akaniambia. "Umefika kidato cha nne, hesabu unazijua."

Sikumkumbusha kwamba kwenye cheti changu somo la hesabu lina herufi ambayo mtu haitundiki ukutani.

Dereva tukampata mtu wa makamo, mpole, aliyewahi kuendesha malori ya mizigo. Tumwite Baba Mapacha, maana ndivyo tulivyozoea kumwita. Makubaliano yakawa shilingi 35,000 kwa siku, Jumapili gari linapumzika. Mimi kila jioni napokea pesa, naandika kwenye daftari, napeleka kwa Mama. Basi nikajiona bosi. Shikamoo niliyokuwa nikimpa yule mzee siku za mwanzo ikageuka taratibu kuwa "mambo vipi, dereva?" Nisamehe msomaji, ujana huo.

Gari lilikuja na kibandiko kidogo cha Kijapani ubavuni mwa mlango. Nilichoweza kusoma ni namba tu. Mbili zilikuwa za kilometa, 86,400 na 91,400. Kulikuwa pia na 28, nikadhani ni tarehe. Nikakiacha kama pambo. Kumbuka kibandiko hicho, tutakirudia.

Mwanzoni mwa Septemba 2023 muda wa kumwaga oili ukafika. Mafundi wetu walikuwa wanatuambia oili ya kawaida tumwage kila kilometa 3,000. Galoni la lita 4 nilikuwa nanunua 48,000, filta 10,000, fundi 5,000. Jumla 63,000. Siku hiyo dukani kijana wa kuuza akaniletea galoni linalong'aa. Sinthetiki tupu, shilingi 110,000. Nikashtuka! Akanigeuzia lebo: kilometa 10,000.

Nikapiga hesabu palepale kwa simu. Oili ya kawaida mara tatu ni 189,000. Hii ya sinthetiki pamoja na filta na fundi ni 125,000, mara moja tu. Nimeokoa 64,000! Nikatoka dukani natembea kama nimeshinda bahati nasibu.

Tena kwa kuwa nilishasikia hadithi za madereva wanaonyonya oili nzuri usiku wakauza na kurudishia oili chafu, nikafanya ujanja wangu. Fundi alipomaliza kukaza nati ya chini ya injini, ile ya kumwagia oili, nikainama na kuipaka rangi yangu ya kucha, nyekundu, nusu kwenye nati na nusu kwenye chuma. Mtu akiifungua, rangi inakatika. Dereva alikuwa pale anaangalia. Hakusema kitu. Akatabasamu tu, akageukia pembeni.

"OILI INAPUNGUA, BOSI"

Wiki ya tatu Baba Mapacha akaniambia, "Bosi, nimepima oili asubuhi, imeshuka. Tuongeze hata lita moja."

Nikamjibu, "Hiyo ni ya elfu kumi. Kwani umefika elfu kumi?"

"Sijafika. Lakini imeshuka."

"Basi subiri ifike."

Wiki ya nne akarudia. Akasema pale Bunda kuna lita ya oili ya kawaida kwa 12,000, aongezee hiyo. Nikang'aka! Nikamwambia ukichanganya sinthetiki na ya kawaida injini inaganda kama uji. Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Nililisikia mahali, likanikaa. Moyoni nilikuwa nawaza kitu kingine kabisa: huyu anatafuta hela ya soda.

Ijumaa, Oktoba 13, usiku, akapiga simu. "Mdogo wangu," alisema, na hakuwa na kawaida ya kuniita hivyo. "Taa nyekundu ya oili inapepesa nikikata kona. Kesho tulilaze gari, fundi aliangalie."

Kesho yake ilikuwa Oktoba 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Kila mtu wa Mara anajua siku hiyo watu wanakwenda Butiama, kwenye kaburi lake pale Mwitongo. Abiria ni wengi. Nikamwambia, "Piga kazi kesho, Jumatatu tutaona."

Saa nne asubuhi simu ikalia. Alikuwa ametoka Bunda na abiria wa Butiama, na pale Kiabakari, panapochepuka njia ya kwenda kwa Mwalimu, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga mlango kwa nyundo, kisha ikanyamaza. Nilipofika nilikuta abiria wameshahamia gari jingine. Alibaki bibi mmoja na khanga yake begani, amekaa kwenye jiwe, anasubiri kurudishiwa nauli. Baba Mapacha alikuwa anahesabu sarafu zake mwenyewe kumlipa.

Gari likavutwa kwa kamba hadi Musoma. Pale stendi ya Bweri, mbele ya madereva, wapiga debe na mama ntilie, nikamwambia yule mzee kwa sauti kwamba ameuza oili ya mama yangu. Nikamwita mwizi. Hakunijibu. Akaniwekea funguo mkononi, akaondoka kwa miguu.

RANGI YA KUCHA

Jumatatu fundi akaliinua gari. Kabla ya kushika spana akainama, akaangalia, akauliza, "Hii rangi nyekundu ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi njoo uione mwenyewe."

Nikaingia chini ya gari na gauni langu. Rangi ilikuwa palepale, imeingia vumbi, lakini haijakatika hata kidogo. Hakuna aliyeigusa nati ile tangu siku niliyoipaka.

Kisha akaifungua. Oili ikatoka kidogo, nyeusi tii, ikakata. Akaimimina kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ilifika katikati na kupita kidogo, basi. Injini ile, aina ya 1NZ ambayo iko kwenye Probox na IST nyingi tunazoziona barabarani, inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Sisi tulikuwa tumebakiwa na kama robo tatu ya lita na tone.

"Imekwenda wapi?" nikauliza. Hakukuwa na tone lililovuja sakafuni.

"Imeinywa," fundi akasema. "Ringi zimechoka, sili za valvu zimekauka. Hujawahi kuona moshi wa bluu asubuhi ikiwashwa?"

Nilikuwa nimeuona. Nilidhani ni ukungu wa ziwa.

Hapo ndipo alipochukua chaki akaniandikia hesabu kwenye bati la gereji. Tangu oili iwekwe gari lilikuwa limetembea kilometa 8,700. Kama linakunywa lita moja kila kilometa 3,000, limekunywa lita 2.9. Toa kwenye 3.7. Imebaki 0.8. Hesabu ya darasa la nne, msomaji! Na mimi niliyekabidhiwa gari kwa sababu najua hesabu sikuwahi kuipiga.

Tena usidhani gari la kunywa oili ni ajabu. Vitabu vya Toyota vyenyewe vinasema matumizi ya hadi lita moja kwa kilometa 1,000 bado yamo ndani ya kiwango kinachokubalika. Maana yake mtengenezaji anategemea wewe mwenye gari utapima na kuongeza. Galoni halikunidanganya. Lilisema oili hiyo inaweza kufika elfu kumi bila kuchoka. Halikusema itajaa yenyewe. Hiyo namba ya kwenye lebo ni ya oili iliyomo, na yangu haikuwemo.

Na ile taa nyekundu? Nilidhani ni ya kukumbusha, kama ya mafuta ya petroli kuisha. Kumbe ile ni taa ya presha. Ikiwaka au ikipepesa, pampu imeshaanza kuvuta hewa badala ya oili. Hapo unazima injini palepale, hata kama umebeba harusi.

SASA NI KILOMETA NGAPI?

Baada ya hapo nikawa mwanafunzi. Nikawauliza mafundi, nikasoma kwenye simu mpaka bando likakata. Nilichokipata nakugawia bure.

Kwanza, sinthetiki ni nini? Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa, na chembe zake hazilingani, kama mchele wenye chuya na punje zilizovunjika. Sinthetiki ni mchele wa daraja la kwanza, punje zote sawa. Ndiyo maana inavumilia joto zaidi, haiwahi kuwa nzito kama lami, na asubuhi inapanda haraka kwenye vyuma. Kwa hiyo ni kweli inadumu zaidi. Lakini jina lenyewe ni pana. Mwaka 1999, mwaka uleule tuliomzika Mwalimu Butiama, kule Marekani Mobil walimlalamikia Castrol mbele ya chombo kinachochunguza ukweli wa matangazo, wakidai anaita sinthetiki oili ambayo asili yake ni mafuta ghafi yaliyosafishwa sana. Castrol akashinda. Tangu hapo galoni mbili zinaweza kuandikwa neno hilohilo na ndani zikawa tofauti. Kwa hiyo usinunue neno. Angalia unene, mfano 5W-30, na daraja, mfano SN lililoanza 2010 au SP lililoanza 2020, ulinganishe na kitabu cha gari lako.

Pili, hata oili nzuri namna gani ina dawa ndani yake za kusafisha na kulinda vyuma, na dawa hizo zinaisha. Ni kama maji ya sabuni ya kuoshea vyombo. Sahani za kwanza zinang'aa, lakini ukifika sufuria la mwisho povu limekwisha. Na oili ikiwa nyeusi haina maana imekufa. Mara nyingi weusi huo ni uchafu ambao oili imeubeba, yaani inafanya kazi yake. Rangi peke yake haikuambii muda wa kumwaga.

Tatu, wenye gari wanasemaje? Toyota kule Japani, kwa magari ya petroli yasiyo na tabo, wanasema kilometa 15,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Usishangilie! Kwa gari lenye kazi ngumu wanakata nusu: 7,500 au miezi sita. Na kazi ngumu kwao ni barabara mbovu, milima, safari fupifupi za chini ya kilometa 8, au gari kutembea zaidi ya kilometa 20,000 kwa mwaka. Sasa Probox ya Mama ilikuwa inakwenda Bunda na kurudi mara mbili kwa siku, yapata kilometa 280. Kwa siku sita ni 1,680. Hizo 20,000 za Mjapani sisi tunazimaliza kwa miezi mitatu tu.

Na kile kibandiko? Ile 28 si tarehe. Ni mwaka wa 28 wa enzi ya Heisei, yaani 2016 kwa kalenda yetu. Na zile namba mbili zilikuwa kilometa alizomwagia oili na kilometa za kumwaga tena. Tofauti yake ni 5,000. Mwenye gari wa kwanza, kwenye lami ya Japani, alikuwa anamwaga kila elfu tano. Jibu lilikuwa mlangoni mwa gari langu siku zote, nikaliona pambo.

MAGARI MATATU

Ili usitoke mikono mitupu, nakupa mifano mitatu ya huku kwetu.

Kuna jirani yangu wa Musoma mwenye kigari kidogo. Asubuhi anapeleka mtoto shule, anakwenda sokoni, anarudi nyumbani. Kilometa tatu, anazima. Kilometa mbili, anazima. Anajisifu gari lake halichoki. Kumbe injini yake haipati joto la kutosha, na maji na petroli kidogo vinajikusanya ndani ya oili bila kukauka. Huyu asisubiri elfu kumi, maana kwa mwendo wake itamchukua miaka. Amwage kila miezi sita, hata kama kilometa ni chache.

Wa pili ni mchomoko wa Bunda, kama wetu. Hapa miezi haina maana, hesabu ni kilometa. Kwa kweli mwendo mrefu wa lami, injini ikiwa moto sawasawa, hautesi oili kama safari fupi za mjini. Kinachoitesa ni mzigo, vumbi, na kungoja abiria injini ikiunguruma. Ukiwa na sinthetiki na injini nzima, elfu 5 mpaka 7 ni salama. Kwetu sisi elfu 5 ni wiki tatu tu.

Wa tatu ni mzee mmoja wa Butiama, rafiki wa marehemu babu yangu. Gari lake linatoka Jumapili kwenda kanisani na siku ya msiba. Kwa mwaka halifiki kilometa 1,000. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, mimi nisubiri mpaka nifike hizo elfu kumi?" Nikamwambia, babu, kwa mwendo huo utamwachia kazi kitukuu. Oili inazeeka hata ikiwa imekaa. Mwaka mmoja ukitimia, mwaga.

Na wote watatu wana sheria moja ambayo haina mjadala: pima. Asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa pasawa. Chomoa kile kijiti cha kupimia, futa kwa kitambaa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Oili isomeke kati ya alama mbili. Kwa magari yetu mengi, toka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Ikishuka, ongeza. Na kama huna ya aina ileile, ongeza ya kawaida ufike nyumbani salama. Haigandi kama uji! Inapunguza ubora wa ile sinthetiki tu, na hilo ni afadhali mara mia kuliko injini kavu.

La mwisho, nunua galoni lenye sili isiyoguswa, kwa duka linalokupa risiti. Likiisha litoboe, lisije likajazwa oili ya kupikwa upya likamuumiza mwenzako. Na ile oili chafu usiimwage kwenye mtaro. Mitaro ya Musoma inaishia ziwani, na maji hayo ndiyo tunayakunywa. Wapo wanaoihitaji kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

NILIRUDI BWERI

Injini ya mtumba kutoka Mwanza, pamoja na usafiri na ufundi, ilitutoka milioni 1 na laki 8. Gari lililala siku 11 za kazi, ukizidisha kwa 35,000 ni 385,000. Jumla 2,185,000. Lita mbili za kuongezea, alizoniomba yule mzee, zingekuwa 24,000.

Mama hakunigombeza. Alisikiliza mpaka mwisho, habari ya rangi ya kucha, chupa ya maji, zote. Kisha akauliza, "Na yule baba wa watu umemwambia?"

Nilikuwa sijamwambia.

Nilimkuta Bunda, stendi, anabangaiza deiwaka kwenye gari la mtu. Wamiliki wawili wa Musoma walikuwa wamemkataa. Habari za "mwizi wa oili" zilikuwa zimefika mapema kuliko yeye. Nikampa shikamoo, ya kweli safari hii. Akaitikia marahaba. Nikamweleza yote, nikaomba radhi, nikatoa bahasha. Akaitazama bahasha bila kuipokea.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi hukuniita mwizi hapa Bunda. Uliniita Bweri."

Msomaji wangu, kuna safari ndefu duniani, lakini mimi sijaona ndefu kama ile ya kutoka Bunda kurudi Musoma siku ile, nimekaa kiti cha nyuma, yeye kiti cha mbele, hakuna anayeongea. Tulipofika Bweri ilikuwa saa kumi jioni, stendi imejaa. Nikasimama palepale karibu na meza ya mama ntilie. Sauti iligoma kutoka. Mara ya pili ikatoka. Nikasema, huyu mzee hakuiba kitu. Oili iliishwa na gari, na yeye aliniambia mara tatu, mimi sikusikia. Nikasema jina lake kamili. Mpiga debe mmoja akacheka, mwenzake akamnyamazisha. Mama ntilie akasema, "Umefanya vizuri, binti," kisha akaendelea kukaanga samaki.

Baba Mapacha akachukua bahasha, akaitia mfukoni bila kuhesabu. Kurudi kazini alikubali baada ya wiki moja, kwa masharti mawili. La kwanza, gari likiwa na shida analilaza, hata iwe sikukuu gani. La pili, daftari la oili analishika yeye.

Nikamkabidhi. Sasa kila asubuhi, kabla sijaamka vizuri, simu yangu inaingia ujumbe mmoja: "Oili ipo sawa." Tunamwaga sinthetiki kila elfu 5, kwa sababu injini hii nayo ni ya mtumba na hatujui historia yake. Baba Mapacha anasema ikituonyesha kwamba haina kiu tutasogea mpaka elfu 7. Nami namuitikia ndiyo, kaka.

Haya, kwa leo naishia hapa. Ukimaliza kusoma, nenda kachomoe kijiti. Tukijaliwa, wiki ijayo tunarudi kwenye vitenge, maana kuna shoga yangu mmoja wa Nyasho anacho changu tangu Pasaka!